Sindano Iliyobeba Lawama

Mwaka ambao wasichana walianza kuchanjwa shuleni nilikuwa Butiama, kwa dada yangu kule Mwitongo. Gari la matangazo lilipita polepole, spika mbili juu, na kijana aliyeshika kipaza sauti alikuwa akisema kila kitu mara mbili: kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyumbani. Kwa Kiswahili alisema, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Hapo hakukosea hata neno. Alipogeuza kwa lugha ya nyumbani, saratani haikuwa na jina, akairuka. Yakabaki kukinga na mlango wa kizazi.

Kwetu sisi wafugaji, kukinga mlango ni kazi ya kila jioni. Ng'ombe wakishaingia zizini, mtu hutumwa akakinge. Anavuta matawi ya miiba, anayapanga langoni, na hakuna kinachoingia wala kutoka mpaka asubuhi. Hata tukizungumza Kiswahili, neno hilo tunalitumia hivyo hivyo. Dada yangu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akaacha.

"Umesikia? Wanakuja kukinga mlango wa uzazi wa watoto."

"Wanakinga ugonjwa usiingie," nikamwambia.

"Na mtoto atatokea wapi, kama wameshakinga?"

Tulicheka wote wawili. Alikuwa mtu wa mzaha, na mimi nilidhani mzaha ule umeishia pale kwenye ungo. Nilimweleza nilichokijua, akaridhika, na binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, alichomwa sindano pamoja na wenzake. Mkono ulimuuma, ukapona. Hatukuizungumzia tena kwa miaka.

Mimi ni fundi mizani. Natengeneza mizani za samaki mwaloni Musoma, pale wavuvi wanaposhusha samaki, za mahindi sokoni, na msimu wa pamba ukifika huitwa vijijini kuzunguka Bunda. Niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, polepole, kwa hiyo ndugu wakipata jambo la hospitali au la mahakama wasilolielewa, huniita. Ndivyo nilivyoitwa Nyasura, mjini Bunda, kwa wakwe wa huyo binti wa dada yangu.

Alikuwa ameolewa huko, na mwaka wa tatu ulikuwa unaingia bila mimba. Mama mkwe wake ni mjane, anauza dagaa kwa kopo, Mkristo wa kila ibada, na mdomo wake haujui kuzunguka. Mama huyo ndiye alikuwa wa kwanza kuunganisha mambo mawili: sindano ya shuleni na tumbo lisilojaa. Tangazo kama lile la Butiama lilikuwa limepita na Bunda, na maneno yaliyosikika yalikuwa yale yale. Akahitimisha kwamba mkwe wake alikingwa akiwa mtoto. Kila aliyeuliza alijibiwa hivyo, sokoni na kanisani.

Sasa chanjo ilikuwa inarudi tena shuleni, na safari hii ilikuwa zamu ya kitinda mimba wake, msichana wa darasa la sita. Mama alikataa. Mwalimu alimwita, akaenda, akakataa mbele yake. Nesi wa zahanati alifika nyumbani, akarudi bila kitu. Ndipo mama akanipigia simu.

"Mkwe, njoo. Wewe unasomaga. Nataka mtu wa kwetu aniambie, siyo hawa wanaolipwa kusema."

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mizani nisiyoijua. Nilisoma tena nilichokuwa nacho, kisha nilipofika Bunda nilipitia kwanza kwa yule nesi, kwa sababu nilitaka kujua alikuwa amesema nini mpaka akafukuzwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, na foleni ya akina mama wenye watoto ilifika nje.

"Nilimwambia chanjo haina madhara yoyote," akasema. "Yoyote kabisa. Akaniuliza, kwa nini basi binti wa jirani mkono ulivimba? Nikamwambia ule siyo madhara. Akaniambia, nesi, wewe unajua kuvimba ni nini? Akafungua mlango."

"Na wakikuuliza kama inazuia saratani hiyo yote, unawajibuje?"

"Nasema inazuia."

"Yote?"

Akaangalia foleni kwanza. "Siyo yote, mzee. Inazuia virusi vinavyoleta sehemu kubwa ya hiyo saratani. Ndiyo maana hata aliyechanjwa, akikua anatakiwa apimwe."

"Mbona hilo husemi?"

"Nikisema sehemu kubwa, wananiuliza ile ndogo imebaki wapi. Nikisema mkono utauma, wanasema nesi amekiri. Nikisema hakuna madhara yoyote, wanakaa kimya, nachoma, wanaondoka." Akanitazama. "Wewe si fundi mizani? Unamwambiaga mkulima kwamba mizani uliyotengeneza ina kosa?"

"Kila mizani ina kosa. Namwambia kosa lake ni kiasi gani."

"Na anapima pamba yake hapo?"

"Wengine wanapima. Wengine wanakwenda kwa yule anayesema mizani yake haikosei."

"Haya sasa," akasema, na akamwita mama aliyekuwa mbele.

 Nilitembea kwenda kwa wakwe nikiwa nimeshapanga nitakachosema. Ningetenganisha mambo matatu: tunachokijua, tusichokijua, na tunachokisia. Kwenye la kwanza ningeweka kwamba chanjo ile haigusi uwezo wa mwanamke kuzaa. Hilo nilikuwa na uhakika nalo.

Binti alinipokea uani. Alikuwa anakaanga dagaa, na alinisalimia kwa kupiga goti kidogo bila kuacha mwiko. Mama mkwe wake alikuwa hajarudi kutoka sokoni.

"Shikamoo, mjomba. Umekuja kuitetea sindano?"

"Marahaba. Nimekuja kusema ninachokijua."

"Naomba usikiseme."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akapunguza moto, akasogea.

"Hapa hakuna anayenisema, mjomba. Nyumba ya kule kona kulikuwa na mwenzangu, tuliolewa karibu wakati mmoja. Yeye hakuchanjwa, alisomea kijijini kwao, hawakufikiwa. Mimba ilipochelewa walimwita mti mkavu. Walimrudisha kwao hata kabla mama yake hajajua kuna shida. Mimi mama ananiitaga mwanangu. Kanisani anawaambia wenzake, huyu hana kosa, alikingwa na watu wazima akiwa mtoto. Wananiombea. Wewe ukiniondolea sindano, kesho watatafuta kingine. Na hapa kingine kilicho karibu ni mimi."

"Na mumeo anasemaje?"

Akaangalia nyumba kabla ya kujibu, ingawa hakukuwa na mtu ndani. Binti alikuwa amekwenda hospitali Musoma akiwa peke yake, akiaga kwamba anakuja kunisalimia. Nilikumbuka siku ile. Alikula kwangu, hakusema kitu. Daktari alimpima, hakuona tatizo lolote, akamwambia arudi na mumewe ili naye apimwe. Alipomwambia mumewe, jibu lilikuwa fupi.

"Akasema, mimi sikuchomwa sindano. Mimi napimwa nini?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimekuja na hoja zangu dhidi ya uvumi, nikiuhesabu kuwa ujinga wa kuondolewa, kama kutu kwenye springi. Sasa niliona kwamba uvumi ule ulikuwa umeshikilia nyumba nzima. Binti hakuwa mti mkavu kwa sababu ya sindano. Mumewe hakuhitaji kupimwa kwa sababu ya sindano. Na mama, ambaye bila hiyo angelazimika kumchagua mmoja wa kumlaumu kati ya mwanawe na mkwe anayempenda, hakulazimika. Sindano ilibeba lawama yote, na yenyewe haiwezi kurudishwa kwao.

"Na huyu mdogo?" nikamuuliza. "Wifi yako. Anazuiwa kwa ajili yako."

Akarudi kwenye kikaango. Dagaa walikuwa wameanza kuungua pembeni.

"Hapo ndipo sina jibu," akasema.

Mama aliporudi tulikaa sebuleni. Mwanawe alikuwepo, kijana mpole wa bodaboda, alinishika mkono kwa heshima na kukaa karibu na mlango. Msichana mdogo alileta soda, na badala ya kuondoka akakaa kwenye mkeka karibu na wifi yake. Hakuna aliyemfukuza, kwani kikao kilikuwa chake.

"Karibu, mkwe," mama akaanza. "Walimu wamenisumbua. Wanasema sina sababu ya kumkataza mtoto. Nikawaambia, sababu ninayo, nakaa nayo nyumba moja, inanipikia ugali." Akamshika binti bega, kwa upendo kabisa. "Sasa wewe uniambie. Sindano hii inakinga uzazi, haikingi?"

Nilianza na lile neno. Nilieleza kwamba kukinga kwa madaktari siyo kukinga kwetu kwa miiba, ni kuzuia ugonjwa usipite. Nilieleza saratani ni nini na inamfanya nini mwanamke. Alisikiliza vizuri, kwa sababu kuna mama wa kwaya yao aliyekufa kwa ugonjwa huo na harufu yake walikuwa wanaikumbuka. Nilisema mkono unauma, unaweza kuvimba, homa inaweza kuja na kupita. Nilisema haizuii saratani hiyo yote.

"Nesi alisema yote."

"Nesi alikosea kusema yote."

"Angalau wewe unasema," mama akajibu. "Endelea."

Nilipaswa kuendelea. Lililobaki lilikuwa moja, na ndilo nililoitiwa. Nilimtazama binti wa dada yangu, naye alikuwa anatazama mikono yake.

"Katika yote niliyosoma," nikasema, "sijaona mahali panaposema sindano hii inamzuia mtu kuzaa."

"Hujaona panaposema inazuia," mama akasema polepole, "au umeona panaposema haizuii?"

Huyu ni mtu aliyeuza dagaa kwa kopo maisha yake yote. Anajua tofauti ya kopo lililojazwa juu juu na kopo lililotikiswa likashindiliwa.  Aliyeniokoa na swali hilo, kama ni kuokoa, ni yule msichana wa kwenye mkeka.

"Wifi," akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeogopa maumivu na siyo kingine, "wewe walipokuchoma ilikuwaje?"

 Binti akamgeukia, akamjibu yeye, siyo sisi.

"Inauma kama mwiba. Jioni nilipata homa kidogo, nikalala. Kesho yake nikaenda kuchota maji kwa mkono mwingine. Mwezi ule ule siku zangu zikaja kama kawaida, na zinakuja mpaka leo. Hakuna kilichofungwa. Usiogope."

"Nani kakuuliza?" mumewe akasema kutoka mlangoni.

"Mdogo wako kaniuliza."

Mama aliondoa mkono wake begani. Hakuuondoa kwa hasira, aliuvuta tu.

"Haikukukinga?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, mama. Hata daktari hajui bado. Alisema twende wawili."

Kijana aliweka chupa ya soda chini, akainuka, akatoka. Tulisikia pikipiki ikiwaka.  Mama alianza kukunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Umekwenda kwa daktari," akasema. "Umekwenda, na umerudi hapa ukaniangalia nikigombana na mwalimu. Nimegombana na nesi mbele ya watu. Nimesimama kanisani, mimi, nikalia, nikasema mwanangu amekingwa. Ulikuwa unaniangalia tu?"

Binti alilia bila sauti. Kwa hilo hakuwa na utetezi, na hakujaribu kuutafuta.

"Na wewe, mkwe. Ulijua?"

"Nimejua leo, kabla hujafika."

"Ukakaa na soda yangu."

Nilisema samahani. Hakuipokea wala kuikataa. Akamwambia kitinda mimba wake, bila kumtazama, "Wewe siku hiyo nenda shule. Utachomwa kama wenzako." Kisha kwangu: "Usidhani nimeamini, mkwe. Sijaamini kitu. Nimechoka tu kuwa mjinga wa watu."

Niliaga. Nikiwa navaa viatu nilimsikia mama ndani akisema, "Wewe, njoo utoe hizi chupa." Kwa sekunde nilidhani anamwita mtoto. Alikuwa anamwita mkwe wake.

Msichana alichanjwa. Najua kwa sababu mwenyewe alimpigia wifi yake kwa simu ya mama, kwa kuiba, akasema mkono unauma kweli kama mwiba, na kwamba mama alimkanda kwa kitambaa cha maji. Nilipopata habari hiyo nilitaka kufurahi, na kwa upande mmoja nilifurahi. Lakini simu ile ilipokelewa kwangu, Kamunyonge, mjini Musoma. Siku chache kabla yake binti wa dada yangu alikuwa amefika na mfuko mmoja wa nguo. Mama mkwe alikuwa amemwambia akapumzike kidogo kwao. Kila mwanamke wa huku anajua maana ya kauli hiyo. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna ng'ombe wa mahari aliyetajwa, na hakuna siku ya kurudi iliyotajwa pia. Hakutaka kwenda Mwitongo, kwa sababu kule angelazimika kumwambia mama yake.

Nilirudi Bunda baadaye kwa kazi yangu, kwenye kituo kimoja cha kununulia pamba. Nilikuwa nimeshusha sahani ya mizani chini, nasafisha, na wanawake wawili waliokaa juu ya marobota yao walikuwa wanazungumza juu ya Nyasura. Hawakunijua.

"Si uliona? Yule mkwe wa mama dagaa wamemrudisha."

"Ndiyo yule aliyekingwa?"

"Ndiye. Mama wa watu alivumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Na amempeleka na huyu mdogo akachomwe, sijui wamemlisha nini."

"Mimi wangu haendi."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Binti alikuwa amesema kweli kwa gharama ya nyumba yake, na mtaa ulikuwa umeipokea kweli hiyo kama ushahidi wa uongo ule ule. Nilitaka kuwageukia niwaambie amerudishwa kwa sababu alisema haikumkinga. Nilijaribu sentensi hiyo kichwani. Ilikuwa sahihi, na ilikuwa inamtangaza sokoni kama mwanamke asiyezaa bila sababu. Nikaendelea kusafisha sahani. Sijui kama nilifanya vema.

Jumapili iliyofuata mume wa binti alinipigia. Alisalimia kwa muda mrefu, akauliza hali ya nyumbani, akauliza samaki wanapatikana. Kisha akauliza, kama jambo la rafiki yake, kipimo hicho cha mwanaume huwa kinafanywaje. Nilimweleza wazi, bila kumwaibisha. Nilimwambia hakuna kisu wala sindano ya ajabu. Binti alikuwa sebuleni nami, ameacha kupiga pasi, anasikiliza.

"Kwa hiyo mjomba, tukipimwa wote wawili, watatuambia tatizo liko wapi. Uhakika?"

Nilisikia alivyolitegemea neno hilo. Kama ningesema ndiyo, nadhani angepanda gari kesho yake.

"Uhakika siyo," nikamwambia. "Mara nyingi wanaona. Mara nyingine wanapima wote wawili na hawaoni kitu kwa yeyote. Lakini msipopima hamtajua hata hilo."

 Nilisikia pikipiki zikipita upande wake.

"Mjomba," akasema mwisho, "wewe kila ukiulizwa hujui." Hakuwa ananitukana. Alisema kama mtu aliyechoka. Akaniaga vizuri, akakata.

Binti alikuwa bado ameshika pasi hewani. Aliitazama ile simu mkononi mwangu, kisha mimi.

"Ungemwambia ndiyo tu, mjomba."

"Kama wasingeona kitu, asingeamini tena jambo lolote."

"Angekuwa ameshafika," akasema. "Mengine tungeyajua huko huko."

Aligeuza shati, akaendelea kupiga pasi. Tangu siku hiyo nimempigia mumewe mara kadhaa. Simu inaita mpaka inakata. Binti hujifanya haniangalii ninapopiga, na nikishaiweka chini huwa haulizi.